Mwongozo kamili wa kwenda Tamasha la Sanaa la Earagail, Donegal, bila kukwama njiani

Kila Julai ndugu zetu wanaoishi Dublin, Cork na London, pamoja na wageni waliokuja kuwatembelea, huharibikiwa kwa namna ileile. Mtu kanunua tiketi nzuri ya saa mbili usiku, kaona onyesho, katoka nje ya ukumbi, hakuna basi mpaka asubuhi. Mwingine kashushwa kwenye basi kwa sababu njia ilipita nchi ambayo hana viza yake. Familia nyingine ilipanga maonyesho matatu kwa siku, ikaambulia moja, watoto wamelala kwenye kiti cha nyuma.

Chanzo ni kimoja. Wengi wanaiwazia Earagail kama Sauti za Busara pale Zanzibar: unaingia Ngome Kongwe, ukitoka unatembea vichochoro viwili vitatu umeshafika kwenye chakula na kitanda. Donegal hakuna geti wala uwanja mmoja. Uwanja wenyewe ni kaunti nzima ya Ireland, kilomita za mraba 4,861 za milima, ghuba na visiwa, na watu wapatao 167,000 tu. Muziki, tamthilia, sarakasi, michoro na usomaji wa vitabu vimetawanywa humo kwa zaidi ya wiki mbili.

Kwa hiyo kanuni ya mwongozo huu ni hii: panga ramani kwanza, wasanii baadaye. Fuata hatua kwa mpangilio wake, maana hatua ya nne bila ya kwanza ni pesa iliyopotea.

## Andaa hivi kabla ya lolote

- Pasipoti, na kama unaishi Ireland, kadi yako ya ukaazi (IRP) ambayo haijaisha muda.
- Viza ya Ireland kama unatoka nje. Watu wa Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo wote wanaihitaji.
- Ramani ya Donegal ya karatasi, au iliyopakuliwa kwenye simu uitumie bila mtandao. Milimani mtandao hukatika.
- Programu ya tamasha. Hutoka wiki kadhaa kabla ya Julai.
- Kadi ya benki, na euro taslimu kidogo kwa vijiji na visiwa.
- Koti la mvua lenye kofia, viatu visivyopitisha maji, sweta. Acha mwavuli nyumbani, upepo wa Atlantiki utaugeuza ndani nje siku ya kwanza.
- Dawa ya kufukuza visubi. Nitaeleza chini.
- Leseni ya udereva, kama utakodi gari.

## Hatua ya 1: Linganisha karatasi zako na njia utakayopita

Hapa ndipo wengi wanapoumia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Donegal iko ndani ya Jamhuri ya Ireland, lakini karibu mpaka wake wote wa nchi kavu unagusa Ireland Kaskazini, ambayo ni sehemu ya Uingereza. Kaunti pekee ya Jamhuri inayopakana na Donegal ni Leitrim, kwa kipande chembamba cha ardhi kule kusini. Matokeo yake, njia fupi ya kutoka Dublin hupita nchi nyingine. Basi namba 32 la Bus Éireann kutoka Dublin kwenda Letterkenny hupita Omagh na Strabane, zote za Ireland Kaskazini. Namba 30 la kwenda mji wa Donegal hupita Enniskillen, nako ni hukohuko. Mabasi binafsi ya Dublin–Letterkenny pia hutumia njia ya kaskazini.

Mpakani hakuna kizuizi, hakuna afisa, hakuna bendera ya kukuamsha. Utagundua tu kwamba mstari wa njano pembezoni mwa barabara umekuwa mweupe, na vibao vya mwendo sasa vinahesabu kwa maili. Lakini sheria ipo. Kadi ya IRP haikupi ruhusa ya kuingia Uingereza. Kama pasipoti yako ni ya nchi inayohitaji viza ya Uingereza, unaihitaji hata kwa saa moja ya kupita tu. Na polisi wa uhamiaji huingia kwenye mabasi kukagua, hasa yanapotoka kaskazini kurudi kusini.

Njia salama kwa asiye na viza ya Uingereza: panda treni kituo cha Connolly, Dublin, mpaka Sligo, takriban saa tatu. Kisha chukua basi namba 64 kwenda Letterkenny kupitia Bundoran, Ballyshannon, mji wa Donegal na Ballybofey, saa mbili na ushei. Njia hii haitoki nje ya Jamhuri. Wanaotoka Galway wana basi hilohilo la 64, na pia Bus Feda linalofika mpaka Gweedore.

Onyo: kituo cha mwisho cha 64 ni Derry, na Derry iko Ireland Kaskazini. Shuka Letterkenny. Usisinzie.

Kwa madereva: simu itakuelekeza Monaghan na Omagh bila kukuambia kwamba unavuka mpaka. Lazimisha njia ya Sligo, kisha barabara ya N15. Itakuongezea muda, lakini itakuondolea hofu.

Kwa walioko Uingereza: tatizo lenu ni kinyume chake. Ukaazi wa Uingereza kwenye pasipoti ya Afrika Mashariki haukuruhusu kuingia Donegal, hata kama umetua Belfast au Derry na mpaka hauonekani. Omba viza ya Ireland. Viza ya Schengen nayo haifanyi kazi, kwa sababu Ireland haimo Schengen.

Kwa anayesubiri uamuzi wa hifadhi: huruhusiwi kutoka nje ya Jamhuri bila idhini ya Waziri wa Sheria. Kupitishwa tu na basi mji wa Omagh kunaweza kukuletea shida kwenye ombi lako. Nakusihi, tumia njia ya Sligo.

Anayeomba viza kutoka nyumbani anaweza kuanza miezi mitatu kabla ya safari, na ajipe angalau wiki nane. Aambatanishe uthibitisho wa malazi na tiketi za maonyesho kama anazo. Kitu kimoja zaidi: tamasha huchukua watu wa kujitolea, lakini viza ya matembezi hairuhusu kazi yoyote, hata isiyolipwa. Kama umekuja kutembea, tembea.

Hatua hii imekamilika pale unapoweza kutaja kila mji ambao gari lako litapita, na kila mmoja ukaujua uko nchi gani.

## Hatua ya 2: Chagua makao mamoja

Usihamehame. Kutoka Glencolmcille kusini magharibi mpaka Malin Head, ncha ya kaskazini kabisa ya Ireland, ni karibu saa tatu za kuendesha, na barabara nyingine zinatosha gari moja tu. Chagua moja kati ya hizi tatu.

Letterkenny ndio mji mkubwa wa kaunti. Ukumbi wa An Grianán na Regional Cultural Centre viko hapo, kwa hiyo usiku mwingi utarudi kitandani kwa miguu. Asiye na gari asitafute kwingine.

Gaeltacht (eneo la wanaozungumza Kiairishi) ya magharibi, yaani Gweedore, Dungloe na Falcarragh, ni kwa mwenye gari anayetaka muziki wa wenyeji na visiwa. Hapa ndipo ulipo mlima Errigal, mita 751, uliolipatia tamasha jina lake. Ni mahali pazuri mno, na baada ya magharibi hutapata basi.

Inishowen, rasi iliyo mashariki ya ghuba ya Lough Swilly, inamfaa aliyekwisha kuja na sasa anataka utulivu. Kwa gari kutoka Letterkenny pita Bridgend, ambayo bado ni Jamhuri, kisha pinda kushoto kwenda Buncrana. Ukinyoosha mbele, umeingia Derry.

Weka nafasi mapema kuliko unavyodhani. Kuanzia tarehe 12 Julai, sikukuu ya Ireland Kaskazini, familia nyingi za kule humiminika pwani ya Donegal kwa likizo ya wiki mbili. Wanaoingoja programu itoke ndipo watafute chumba hukuta vilivyobaki ni vya bei mbaya.

Mwulize mwenye nyumba *Eircode* yake, namba ya herufi na tarakimu saba. Nyumba za mashambani hazina namba wala jina la mtaa, na bila Eircode utagonga milango ya watu. Za Letterkenny na maeneo yake huanza na F92, za mji wa Donegal na maeneo yake F94.

## Hatua ya 3: Soma programu ukiwa na ramani mkononi

Wengi husoma programu kwa majina ya wasanii. Wewe soma kwa majina ya mahali. Weka alama ya kila onyesho linalokuvutia kwenye ramani, kisha tazama alama zilipokaribiana. Kila mkusanyiko huo ni siku moja yako. Alama iliyo peke yake mbali iache, au ipe siku yake yenyewe.

Shida itakayokukuta ni majina. Programu inaweza kuandika Dungloe, na barabarani kibao kikasema An Clochán Liath tu, maana ndani ya Gaeltacht vibao huandikwa Kiairishi peke yake. Andika jozi hizi pembeni ya ramani:

- Gweedore: Gaoth Dobhair
- Dungloe: An Clochán Liath
- Falcarragh: An Fál Carrach
- Burtonport: Ailt an Chorráin
- Magheroarty: Machaire Rabhartaigh
- Letterkenny: Leitir Ceanainn

Ukubwa wa siku ni huu: jambo moja mchana, jambo moja jioni, na mwendo usiozidi saa moja kati yao. Mathalani, asubuhi nenda Glebe House karibu na kijiji cha Churchill, nyumba ya mchoraji Derek Hill aliyoikabidhi kwa taifa mwaka 1981 pamoja na mkusanyo wake wa sanaa. Tembea kando ya ziwa, kula, kisha rudi Letterkenny kwa onyesho la usiku. Siku imejaa na hukukimbizana na saa.

Saa nazo ziangalie vizuri. Julai, Donegal jua huzama karibu saa nne usiku. Mwili utakudanganya kwamba ni alasiri wakati ukumbi umeshafunga milango. Kwa Waislamu hili lina uzito zaidi: magharibi huingia karibu saa nne na isha huenda mpaka usiku wa manane, hivyo onyesho la saa mbili usiku linamalizika kabla ya adhana ya magharibi au linaigusa tu. Panga mapema mahali utakaposwalia.

Chora safari za kila siku kwa mstari: mpango wako uko sawa ikiwa hakuna siku yenye mistari miwili inayokatizana kwenye ramani.

## Hatua ya 4: Nunua tiketi chache, na za kwanza ziwe za kumbi ndogo

Ukumbi mkubwa mara nyingi unaweza kusubiri kidogo. Ukumbi wa kijiji, kanisa la zamani au onyesho la kisiwani linalotegemea viti vya boti huisha haraka. Anza na hizo.

Usijaze kila usiku. Maonyesho mengi ya mitaani na ya familia hayana kiingilio, pia maonyesho ya picha. Acha usiku mmoja kati ya mitatu ukiwa wazi, kwa sababu muziki bora unaweza kuukuta bila tiketi kwenye baa ya kijiji ambayo hukuijua mchana.

Hifadhi tiketi kwenye simu kama picha. Mtandao ukikatika mlangoni, barua pepe haifunguki.

## Hatua ya 5: Panga kurudi kabla ya kupanga kwenda

Donegal haina reli hata kipande. Mabasi madogo ya TFI Local Link huunganisha vijiji na Letterkenny, na mengi ni mazuri na ya bei nafuu, lakini yametengenezwa kwa watu wa soko na hospitali, si kwa watu wa tamasha. Jioni hupungua, Jumapili hupungua zaidi. Angalia basi la *mwisho* kwanza. Kama linaondoka kabla ya onyesho kuisha, una njia tatu.

Ya kwanza ni teksi, lakini iagize mchana, kwa jina na saa. Kijiji kinaweza kuwa na gari moja tu la kukodi, na usiku wa tamasha limeshachukuliwa.

Ya pili ni kuwauliza waandaaji. Piga simu ofisi ya tamasha, uliza kama kuna basi maalumu kwa onyesho hilo au mtu anayerudi upande wako. Usione haya. Kule kuomba lifti kwa adabu si aibu, na sauti ya mgeni aliyejipanga hupokelewa vizuri.

Ya tatu ni gari la kukodi. Ireland wanaendesha kushoto kama Kenya na Tanzania, kwa hiyo hutahangaika na upande. Mgeni wa muda anaruhusiwa kutumia leseni halali ya kwao hadi miezi 12. Lakini ukishakuwa mkaazi, leseni ya Afrika Mashariki haibadilishwi kuwa ya Ireland. Unaanza upya na leseni ya mwanafunzi. Kampuni nyingi zitataka kadi ya mkopo yenye jina la dereva.

Tangu Februari 2025 kikomo cha mwendo kwenye barabara ndogo za mashambani ni kilomita 60 kwa saa, kilishuka kutoka 80. Hata hiyo 60 ni nyingi pale ambapo kondoo wamelala katikati ya lami. Ukikutana na gari kwenye njia nyembamba, aliye karibu na sehemu pana ndiye anayerudi nyuma. Mnyooshee mkono wa shukrani. Kila mtu hufanya hivyo.

Jambo dogo la simu: karibu na mpaka itadaka mtandao wa Uingereza. Kama mkataba wako unatoza huko, zima mtandao wa nje (roaming) kabla ya kufika Lifford au Bridgend.

Umemaliza kama kila tiketi ina maandishi pembeni: narudi na nani, saa ngapi, kutoka wapi.

## Hatua ya 6: Ukienda kisiwani, ipe siku nzima

Baadhi ya miaka tamasha hupeleka maonyesho visiwani, na hata lisipopeleka, nenda. Arranmore ni rahisi: feri kutoka Burtonport, kama robo saa hadi dakika 20, na magari hupanda.

Tory ni safari. Boti huondoka gati la Magheroarty na huchukua kama dakika 45 za bahari ya wazi. Wanaopenda picha wasiikose. Derek Hill alikuwa akichora pale, na mvuvi wa kisiwa, James Dixon, alimtazama akasema hata yeye anaweza, tena vizuri zaidi. Hill akampa rangi. Brashi Dixon hakuzitaka, alijitengenezea mwenyewe kwa nywele za mkia wa punda wake. Kutoka hapo wavuvi wengine nao wakashika rangi, na kisiwa kikawa na wachoraji wake. Picha zao zina mawimbi, boti na nyumba zikitazamwa kutoka juu kama anavyoona ndege, na ukisimama pale gatini utaelewa kwa nini bahari imejaza karatasi yote.

Onyo: upepo ukikataa, boti haiendi, na ikiwa umeshavuka unaweza kulala huko bila kupanga. Piga simu asubuhi ya safari. Usiweke onyesho la kulipia jioni ya siku ya Tory, wala ndege ya kesho yake asubuhi. Beba dawa zako za siku mbili.

## Hatua ya 7: Ukiwa kwenye onyesho

Nje. Joto la mchana wa Julai huwa nyuzi 17 au 18, na mvua inaweza kuja mara tatu ndani ya alasiri moja. Onyesho la mtaani halikatishwi kwa manyunyu, kwa hiyo vaa na ubaki. Jioni upepo ukitulia, karibu na maji na vinamasi, visubi hutoka kwa maelfu. Ni wadogo kuliko mbu, huingia kwenye nywele na masikio. Jipake kabla hujawaona, na wavalishe watoto mikono mirefu.

Chakula. Jikoni nyingi za vijijini hufunga karibu saa tatu usiku. Kula kabla ya onyesho. Asiyekula nyama isiyo halali ana samaki wa kutosha. Killybegs, bandari kubwa ya uvuvi ya Ireland, iko kaunti hiihii. Uliza tu kama wanakaangwa kwenye mafuta yaleyale ya nyama.

Muziki wa baa. Huna haja ya kunywa pombe. Agiza chai, hakuna atakayekutazama. Watoto wanaruhusiwa wakiwa na mzazi mpaka saa nne usiku, kuanzia Mei hadi Septemba. Utaona meza ya pembeni yenye viti vitupu wakati baa imejaa. Usikalie. Ni ya wanamuziki, na atakuja mzee na kinanda chake cha mvuto (kodiani), binti na fidla, wataanza bila kutangaza. Kati ya nyimbo unaweza kuongea. Lakini mtu akianza kuimba peke yake bila ala, pengine amefumba macho, baa nzima itanyamaza mpaka mhudumu ataacha kugusa glasi. Nyamaza nawe, simu mfukoni. Akimaliza, pongeza kwa sauti.

Na wakikuuliza umetoka wapi, kisha wakakuomba wimbo wa kwenu, wanamaanisha. Uwe na mmoja kichwani, beti mbili zinatosha.

## Hatua ya 8: Kuondoka

Tamasha hufunga mwisho wa wiki, na Jumapili mabasi ni machache na yamejaa. Nunua nafasi ya kurudi siku uliyonunua ya kwenda. Anayepita Sligo asifunge hesabu yake kwenye treni ya mwisho ya Dublin. Achague ya kabla yake, ili basi la 64 likichelewa Ballybofey bado awe na treni moja mkononi. Mwenye ndege alale Dublin usiku wa kuamkia safari.